Mashine ya presha ya mama: kumbe ushuhuda sio ushahidi

Naomba nianze na mchi wa kinu. Mchi wa mama yangu, ule anaotwangia kisamvu tangu sisi wadogo, una presha 116 kwa 74 na mapigo 71 kwa dakika. Nimeupima mwenyewe jikoni Mbagala, Jumapili jioni, umeme umekatika, mdogo wangu kashika tochi ya simu. Mchi uko fiti kuliko mimi. Kama unajiuliza nimefikaje kwenye kuupima mti presha, vuta kiti, rivyu ni ndefu, mashine ni mbili, ya kwanza naiponda na ya pili naisifia ila nayo ina malalamiko yake, na majina ya brandi wala ya maduka sitaji, asije mtu akasema nimelipwa.

Nirudi nyuma kidogo. Mama ana miaka 67, presha anayo tangu 2016, wakati huo alikuwa anameza amlodipine ya 5 kila asubuhi na kliniki anaenda mara moja kwa mwezi. Habari za kliniki mnazijua, unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, daladala umesimama, benchi unakaa masaa matatu, ukifika kwenye kupimwa presha imeshapanda kwa hasira za foleni peke yake. Kwahiyo mwaka jana nikaona nimnunulie mashine awe anajipima nyumbani. Wazo lilikuwa zuri, kununua ndo nilinunua kijinga.

Niliiona kwenye simu, ukurasa wa dada mmoja anayeuza unga wa lishe, mikanda ya kupunguza tumbo na hizo mashine. Ni ile ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono kama saa, nyeupe, kioo kikubwa, na inaongea, ukimaliza kupima inakutajia namba kwa sauti ya kizungu. Sh 45,000 na delivari 5,000. Ila kiukweli kilichoniuzia sio mashine, ni shuhuda. Yule dada alikuwa na shuhuda jamani! Skrinshoti za wasapu zimepangwa kama kanga dukani, "Mungu akubariki dada, mama yangu saivi anajipima mwenyewe", "nilikuwa siamini ila sasa nimeamini", mwingine kaandika eti kalia machozi. Hakukuwa na hata mmoja aliyesema nimepima kwa hii halafu nikapima na ya hospitali namba zikakaribiana. Na mimi sikuona kama hilo halipo. Nikalipa usiku huohuo, kesho yake saa nne bodaboda yuko getini.

Siku ya kwanza mama kavaa, ikajaa upepo, ikanguruma, ikasema 118 kwa 76. Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi. Kliniki wiki mbili nyuma alikuwa 150 na kitu. Kesho yake 117 kwa 75. Keshokutwa 119 kwa 76. Namba zimetulia kama maji ya mtungini. Nikaweka mpaka stetasi, eti teknolojia jamani, tuache mambo ya kukisia.

Sasa hapa muelewe kitu. Kwenye familia yetu mi ndo naonekana mtu wa sayansi, nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, mama akienda mkesha wa maombi mi ndo yule wa kumwambia nenda mama ila dawa usisahau. Siku zote hofu yangu ilikuwa kwamba ipo siku mtu atamwekea mikono kichwani amwambie umepona tupa vidonge. Nilikuwa naulinda mlango huo tu. Kumbe mchungaji wao, mzee wa watu, presha anayo mwenyewe, na huwa anawaambia waumini wake mezeni dawa zenu alafu mje tuombe. Aliyemwachisha mama dawa ni mimi na mashine yangu ya kuongea. Wiki tatu mfululizo anaona 118, 117, 119, akasema kimoyomoyo sasa hivi vidonge nameza vya nini, akaanza kuruka siku, kisha akaacha kabisa, hakumwambia mtu. Na ungemkuta ukamuuliza angekuonyesha kioo. Namba hizo hapo, utambishia nini?

Wiki ya tano akaanza kulalamika kichwa, upande wa kisogoni, akisimama kizunguzungu. Mdogo wangu akampeleka zahanati ya mtaani. Nesi akampima, 178 kwa 102. Akamwambia pumzika, baada ya dakika kumi akampima tena na ile ya kizamani ya kupampu kwa mkono na kusikiliza kwa masikio, 174 kwa 100. Mama akamwambia, "Mwanangu, mashine zenu mbovu, mimi nyumbani niko 118." Mwingine angemfokea. Yule dada nesi akasema tu, "Sawa mama, kesho njoo nayo hiyo ya nyumbani tuziweke pamoja tuone."

Mi sikungoja kesho. Nilivyosikia nikapanda gari kutoka Tabata, jioni hiyohiyo nikaanza kuipima mashine badala ya yenyewe kupima watu. Nikajivalisha, 117 kwa 75. Nikatoka nje nikaizunguka nyumba mbio mara sita, nikarudi nahema kama mbwa, 118 kwa 75. Mdogo wangu, 116 kwa 75. Mtoto wa jirani, miaka kumi, kaja kuomba chumvi, tukamvalisha, 117 kwa 76. Hapo ndo tukaangaliana. Mdogo wangu hakusema kitu, akainama chini ya meza akatoka na mchi. Namba zake nimeshawapa.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu kabisa, dada habari, naona hii mashine ina shida. Jibu lake nimelihifadhi mpaka leo, "Kipenzi mashine haina shida, wateja wangu wote wanashukuru, shida huna imani nayo." Nikamtumia video ya mchi. Akaniblok.

Hiyo "huna imani nayo" ilinikaa siku kadhaa kwa sababu ukiitafakari ni ya ajabu. Mashine ya betri inataka imani ya nini? Lakini pia nikagundua lugha yetu yenyewe inatuchanganya. Namwamini Mungu, namwamini mume wangu, namwamini fundi wangu wa gari, naiamini mizani ya bucha la pale kona, kitenzi kilekile, na vijana kijiweni wanamalizia "aminia!". Wakati haya mambo hayafanani hata kidogo. Fundi namwamini kwa sababu mara ya kwanza alisema kibovu ni beringi nikaona kweli ni beringi, mara ya pili akasema gari haina kitu nenda, nikaenda na kweli haikuwa na kitu, pesa yangu hakula. Siku akinidanganya mara mbili namhama. Yaani kumwamini kwangu kuna mkataba, na yeye anaujua. Mama Mungu wake hamwamini hivyo. Hamfungulii daftari. Tulipomzika baba 2009 watu walitegemea atalegea, hakulegea, na ukimuuliza mama mbona uliomba na hakupona anakuangalia kama umemuuliza kwanini maji yamelowa. Sio kwamba akili hana, mama yangu kauza samaki Feri miaka ishirini, humuuzii kibua kilicholala. Ni kwamba pale hapimi, hajawahi kusema anapima. Mi naona huo ni uhusiano, na uhusiano wake haunihusu.

Shida inaanza pale mtu anapoichukua ile namna ya kuamini ya kanisani au msikitini akaja kukudai kwenye kitu ambacho kingeweza kupimwa kwa dakika tano.

Na neno la kufanyia ujanja ni hilo hilo, ushuhuda. Ushuhuda na ushahidi vimetoka tumbo moja, shahidi. Ila angalia vinavyotumika. Kanisani mtu akisimama kushuhudia hakuna wa kunyoosha mkono amuulize, samahani ndugu, kipimo cha kabla kiko wapi? Na kweli sio mahali pake, watu wanasema amina wanashangilia pamoja naye. Mahakamani shahidi akimaliza kuongea, wakili wa upande wa pili anasimama anamgeukia. Tofauti yote iko kwa huyo wakili wa upande wa pili. Kurasa za kuuza vitu zimebeba ushuhuda zikauvalisha koti la ushahidi, na wakili wa upande wa pili akijitokeza na video ya mchi anablokiwa.

Mnakumbuka 2011, magari kilomita na kilomita yanangoja kuingia Samunge kule Loliondo, kikombe cha dawa ya Babu Sh 500. Shangazi yangu alikwenda. Nilikuwa bado shule, nikamuuliza shangazi umejuaje inaponya, akanambia kila niliyepishana naye njiani ana ushuhuda. Sikuwa na la kusema. Leo ningemwambia shangazi, uliopishana nao ni wale waliokuwa na nguvu ya kupanda gari wakarudi wakasimulia, waliozidiwa nyumbani hukupishana nao. Siwacheki waliokwenda, mtu mwenye mgonjwa ndani anakwenda popote, nami ningekwenda. Na ukurasa wa yule dada ni barabara ileile tu, kwenye skrini.

Haya mashine ya pili.

Nilienda Kariakoo, duka la vifaa tiba, dogo, linauza viti vya matairi, magongo, glavu. Yuko mzee wa makamo, kofia ya mkono, miwani imeshuka puani. Shikamoo mzee, marahaba binti. Nikamuuliza, "Mzee, hii ni nzuri?" Akanijibu, "Nikikwambia nzuri utalifanyia nini neno langu? Mimi si ndo muuzaji?" Nilicheka lakini yeye hakuwa anatania. Akageuza boksi, akanionyesha namba ya modeli, akanambia fungua simu yako uitafute hii namba kwenye orodha ya STRIDE BP kama ipo. Hiyo ni tovuti iliyowekwa na wataalamu wa presha wa kimataifa, wanaorodhesha mashine zilizopimwa usahihi wake kwa utaratibu unaoeleweka. Nikatafuta palepale nimesimama. Ipo. Kuna nyingine mbili kwenye shelfu lake hazimo, na yeye mwenyewe akasema hizo watu wanaziulizia kwa sababu ya bei.

Sasa kwanini mashine inahitaji kupimwa na watu baki, hii nilijifunza baadaye na ndo ilinifungua macho. Nesi anasikia. Ule mkanda wa upepo wa mkononi ukilegezwa taratibu damu inaanza kupita kwa kugonga, sauti zile alizielezea daktari mmoja Mrusi, Korotkoff, mwaka 1905, na mpaka leo ndo hizohizo nesi anazisikiliza kwa stetoskopu. Mashine ya betri haisikii kitu. Inahisi mtetemo wa mshipa ndani ya mkanda, inaona mtetemo ulikuwa mkubwa zaidi kwenye upepo wa kiasi gani, na hapo inapata presha ya wastani. Namba ya juu na ya chini unazozisoma kwenye kioo inazikokotoa kwa fomula, na kila kampuni fomula yake ni siri yake. Umeelewa? Hata mashine nzuri kuliko zote ndani yake kuna kitu hujaonyeshwa na hutaonyeshwa. Kwahiyo njia ya kuiamini sio kuielewa, ni kuiweka mbele ya mtu asiye na hisa. Utaratibu unaokubalika saivi unataka watu wasiopungua 85, kila mtu apimwe kwa mashine na apimwe na watu wawili wenye stetoskopu ambao kila mmoja haoni namba ya mwenzake, na mashine kwa wastani isipishane nao zaidi ya 5, na kupishana huko kusiwe kwa kurukaruka sana. Watu 85 hao hakuna aliyelia machozi, hawakuulizwa wanajisikiaje, waliulizwa mkono tu.

Mzee akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia, "Mkono wa mama una unene gani?" Nikasema mnene kiasi. "Kiasi sio namba, binti." Akanipa futi ya fundi cherehani nikapime nirudi. Nimeenda mpaka Mbagala, sentimita 36 katikati ya bega na kiwiko. Mkanda unaokuja na mashine ni wa 22 mpaka 32, yaani mama haumtoshi, na mkanda ukimbana mtu unapandisha namba, kuna utafiti ulifanyika Baltimore Marekani ukatoka 2023, wale waliotakiwa kuvaa mkanda mkubwa kabisa wakipimwa kwa wa kawaida namba ya juu ilikuwa inapanda kwa karibu 20. Ishirini! Hiyo inatosha kumwanzishia mtu dawa ambayo haihitaji. Nikarudi nikanunua mkanda wa 32 mpaka 42, mashine Sh 115,000, mkanda Sh 35,000 peke yake, na hapo niliumia kidogo maana boksi limeandikwa kamili lakini kamili yenyewe ni ya watu wembamba.

Wakati ananiandikia risiti akaongeza, "Siku saba unazo. Nenda nayo kwa nesi, pimeni mpishanishe, ikipishana sana irudishe, ila uje na namba zimeandikwa, usije na maneno." Nikamwambia mzee wewe unajiamini. Akasema sijiamini, ile hadithi ya Mtume kuhusu ngamia huijui? Yule bwana aliyeuliza amwache ngamia wake amtegemee Mungu, akaambiwa mfunge kwanza ndo utegemee. Akanikabidhi chenji. Nimewahi kuisikia mara nyingi, ila kuisikia kwa mtu anayekupa siku saba za kurudisha mali ni kitu kingine.

Kwa nesi tulienda siku ya tatu. Mkono uleule, anapima yeye, tunangoja kidogo, inapima mashine, tena na tena. Nesi 162, mashine 158. Nesi 156, mashine 159. Nesi 157, mashine 154. Ya chini zilipishana mbili tatu. Nesi akatikisa kichwa akasema hii sawa, ila mniletee tena baada ya muda, nazo huchoka. Kwenye kikaratasi cha maelezo wameandika hivyohivyo, ikaguliwe kila baada ya miaka miwili. Hapo nikapenda. Ile ya kwanza ingekuwa nzuri milele na milele.

Na jaribio la nyumbani tulifanya, msidhani tuliliacha. Mchi ulikuwa mwembamba kwa mkanda mkubwa kwahiyo tukaivalisha chupa ya chai. Ikajaa, ikanung'unika, ikajaa tena zaidi, ikaandika E. Haina cha kusema. Najua hiyo haithibitishi kwamba ikipima mtu iko sahihi, kwa hilo nina namba za nesi, lakini nilifurahi kama mtoto, mashine inayojua kukataa.

Kitu kimoja ambacho kilimsumbua mama na naomba mkijue kabla hamjanunua. Hii namba zake zinacheza. Asubuhi 151, baada ya dakika moja 144, jioni 139, kesho 148. Mama akaanza kuikosea heshima, "Hii haieleweki, ile ya kwanza ilikuwa haiyumbi." Nilikaa naye chini nikamwambia mama, presha ya mtu hai ndo inavyocheza, umekula, umeongea, umekumbuka deni la kikoba, inapanda inashuka. Ile isiyoyumba ilikuwa inasoma hata mchi. Alinyamaza. Kusema ukweli na mimi nilipoiona imetulia ndo niliipenda, nilifikiri kutulia ndo ukweli.

Kwahiyo tunafanya hivi, na ndo alivyotuelekeza daktari. Anakaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano bila kuongea, na kwa mama yangu hiyo ndo dawa ngumu kuliko amlodipine, miguu chini asikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi sio juu ya nguo, amekwenda haja kwanza maana kibofu kilichojaa nacho kinapandisha. Mara mbili asubuhi kabla ya dawa, mara mbili jioni, siku saba, zote daftarini hata zile mbaya. Za siku ya kwanza unaziacha, zilizobaki unatafuta wastani. Kwa nyumbani wastani ukifika 135 kwa 85 kwenda juu ndo presha iko juu, sio 140 kwa 90 ile ya hospitalini. Wiki ya kwanza baada ya kurudi kwenye vidonge alikuwa 146 kwa 88. Daktari akaangalia daftari, akabadilisha dawa, na alisema daftari limemsaidia kuliko kipimo kimoja cha siku ile. Mwezi uliofuata 131 kwa 81. Dawa gani sisemi, za mama ni za mama, wewe nenda kwa daktari wako.

Malalamiko yangu kwa hii ya pili. Kioo hakina taa, umeme ukikatika unamulika na simu. Maelezo yameandikwa kwa lugha sijui nane, Kiswahili hakuna, na mashine hizi zinauzwa huku kila siku. Inakula betri nne, na ya kuchomeka ukutani unanunua mwenyewe. Ule mkanda mkubwa kuuzwa pembeni nimeshasema na narudia. Na velkro ya mkanda imeanza kukusanya nyuzi za kanga za mama. Duka nalipa kumi kwa kumi, mashine nane. Ile ya kwanza ningeipa sifuri lakini watoto wa mdogo wangu wanaichezea uhospitali kwahiyo nusu.

Kuna siku mama aliniweka kati. Alikuwa ameshika daftari, miwani kichwani, akanambia, wewe unasema tupime ndo tuamini, ila maandiko kwa Waebrania yanasema imani ni bayana ya mambo yasiyoonekana, na presha je, wewe umewahi kuiona? Nikamwambia mama sijaiona, ila hiyo isiyoonekana ukiipima wewe, akaipima nesi, akaipima daktari ambaye hamjawahi kukutana, mnatoka na namba zinazokaribiana. Akafikiri. Akasema, "Sasa mimi Mungu ananiponya ama vidonge vinaniponya?" Nikasema daftari halijui hilo mama, daftari linajua 131 kwa 81. Akaona ni jibu la mtoto wa mjini, akacheka, akachukua kalamu akaandika chini ya ile 131 kwa herufi kubwa ASANTE BABA. Nikaiacha. Ila nikamuomba asiandike juu ya namba, daktari anahitaji kuzisoma.

Saivi jirani zake wa jumuiya wanakuja kupimwa kwake Jumamosi, anawanyamazisha dakika tano wote kwenye mkeka, hata wenye midomo kuliko yeye. Wiki iliyopita kaja mama mmoja na boksi jipya, nyeupe, ya kwenye kifundo cha mkono, mwanawe kamtumia, inaongea. Akasema mama mwenzangu hii nzuri sana, watu wengi wameishuhudia. Mama hakubishana naye wala hakumwambia habari zetu. Akageuka jikoni akaita, "Wee, niletee mchi."